Jina la Baba Yake Mama

Wakati dada yangu alipochumbiwa na seremala wa Kinoru, huko Meru, sisi tulikuwa tumekwisha kuhamishwa kutoka mashambani kwetu na kubanwa katika kijiji kimoja karibu na Karurumo, Embu. Ilikuwa ni Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau. Kijiji kilizungukwa na handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, lango lilikuwa moja, na langoni walikaa homugadi, walinzi wa kienyeji wa serikali, na bunduki zao. Mtu hakwenda popote bila pasi. Pamoja na hayo yote watu walipendana, wakachumbiana, wakazaa. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari aliyejiona amefika, na nikiukumbuka msimu ule moyo bado hunienda mbio.

Seremala huyo alikuwa ametumwa Embu kutengeneza milango ya hospitali ya misheni ambako dada yangu aliwasaidia wauguzi. Milango ilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Alipoimaliza, baba yake alisafiri kutoka Meru kuja kwetu kuzungumza na wazee.

Alikuja mchana, amevaa koti zito licha ya jua, akapewa kigoda na kibuyu cha uji. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Alituuliza ukoo wa baba, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika kwa sababu ukoo huo haukugusana na wake. Kisha akauliza swali ambalo kila mzazi wa mvulana huuliza.

"Na mama mwenyewe ni wa watu gani?"

"Huyu nilimtoa hapa hapa, mteremko wa chini," baba akasema.

"Nililelewa hapa," mama akamsahihisha. "Sikuzaliwa hapa. Mimi ni wa huko kwenu, Meru. Njaa ndiyo iliyonileta."

Sisi watoto tuliijua habari hiyo. Njaa ilipowabana watu wa kwao, baba yake alimshika mkono, wakatembea hadi Embu, akamwachia mzee mmoja aliyekuwa na chakula ghalani, naye akaondoka na mzigo wa mtama. Familia nyingi zilifanya hivyo ili mtoto apone na waliobaki nyumbani wapone pia. Mzee huyo wa Embu alimfanya binti yake kabisa, akampa jina jipya na kumwingiza katika ukoo wake. Ukoo wa kuzaliwa mama hakuujua, alikuwa mdogo mno. Alichobaki nacho ni jina lake la utotoni, jina la baba yake, na kumbukumbu za hapa na pale.

"Baba yako aliitwa nani?" mgeni akauliza.

Mama akalitaja jina.

Mgeni aliweka kibuyu chini. "Hilo ni jina la baba yangu," alisema. "Na baba yangu alitoa msichana wakati wa njaa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kwetu msichana huyo hatajwi, maana bibi yangu alikuwa akilia kila anapotajwa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ikiwa mama ndiye msichana yule, basi mgeni huyu ni ndugu yake wa damu, na dada yangu na seremala wake ni watoto wa ndugu. Ndoa ya namna hiyo kwetu haifikiriwi hata kwa mzaha. Dada yangu, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alisimamisha mikono. Mama naye alikuwa akimkagua mgeni: masikio, paji la uso, vidole. Niliona wazi kwamba anatamani awe ndugu yake. Binti akipata mume, mama anakosa ndugu, na mama akipata ndugu, binti anakosa mume.

"Mbuzi wa mahari wasipokelewe kwanza," mgeni akasema. "Tutafute ukweli."

Hapo ndipo nilipojitokeza mimi.

Lazima nieleze kwa nini nilijiamini hivyo. Mwalimu wetu mmoja shuleni alikuwa mtawa kutoka Kanada, pande ambazo watu husema Kifaransa. Aliupenda ukoo wake kuliko hesabu alizotufundisha. Alitusimulia kwamba mababu zake walivuka bahari kutoka Ufaransa, wachache tu, wakazaana hadi wakajaza nchi. Huko kwao, alisema, kila mvulana alibatizwa Yosefu na kila msichana Maria kabla ya kuongezewa jina la kuitwa. Tulicheka hadi akagonga meza.

"Sasa mama akiita Yosefu, nani anakuja?" mwenzangu mmoja akauliza.

"Hakuna," mwalimu akajibu. "Kila mmoja anajifanya ameitwa mwingine."

Akaendelea kutueleza kwamba familia nyingi zilikuwa na majina mawili ya ukoo: moja la asili na jingine la utani, labda alilopewa babu akiwa askari, yakiunganishwa kwa neno "aitwaye". Wengine wakashika la kwanza, wengine la pili, hata ndugu wa tumbo moja wakazikwa kwa majina tofauti. Hapo hatukucheka tena. Tulikuwa tunapiga kelele kwa msisimko, kwa sababu hayo yalikuwa yetu! Baba yangu na ndugu yake waliandikishwa kipande, kitambulisho cha serikali, siku tofauti na makarani tofauti. Mmoja akaandikiwa jina la baba yao, mwingine jina la babu, na tangu hapo serikali haikukubali kamwe kwamba ni ndugu. Kabla ya hapo hakuna mtu kwetu aliyekuwa na jina la ukoo la kubeba kama mzigo mgongoni. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na majina yakazunguka hivyo bila kuisha.

Mimi ni mtoto wa pili wa kiume. Nina jina la mzee yule wa Embu aliyemlea mama, kwa hiyo mama aliniita "baba" tangu nizaliwe, kama desturi ilivyo kwa mtoto mwenye jina la babu yake. Siku niliyosema kwamba nitakwenda Meru, alinishika mabega akasema, "Haya baba, nenda ukanitafutie baba."

Dada yangu alinisindikiza hadi langoni. "Ukifika, uliza vizuri," aliniambia. "Usiende huko kuonyesha Kiingereza chako."

Kwa barua ya mkuu wa shule nilipewa pasi fupi. Nilipanda lori la mbao, tukavuka mto Thuci, tukapita Chuka, tukisimamishwa kila baada ya muda na askari waliopekua mbao kana kwamba tumeficha watu ndani ya magogo. Askari mmoja alisoma pasi yangu kichwa chini miguu juu.

"Safari ya nini?"

"Kumtafuta babu yangu."

"Amepotelea wapi?"

"Ndiyo nataka kujua."

"Ukimwona mwambie kafyu ya jioni ni saa kumi na mbili," alisema akanirudishia karatasi.

Huko Kinoru nilipokelewa kama mkwe. Seremala mwenyewe alinipikia chai. Baba yake akamleta mzee wa ukoo wao, mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Nilikaa mbele yake nikauliza kama nilivyofikiri msomi huuliza: fulani alizaliwa na nani, huyo naye na nani. Mzee akashusha majina, moja baada ya jingine, na kila jina lilinipandisha joto. Jina la babu lilikuwa lile lile! Zamani waliishi chini, bondeni kwa mto Kathita, kwenye ukame, kabla ya kupanda juu. Msichana alitolewa wakati wa njaa. Alipelekwa Embu. Aliondoka na baba yake kwa miguu.

"Msichana aliitwaje?" Hilo nililiuliza, sikatai.

"Majina ya wasichana waulize kina mama," mzee akasema. "Shangazi yetu yupo, dada wa huyo babu unayemtafuta. Leo wanawake wamepelekwa kuchimba matuta ya serikali, watarudi jioni."

Pasi yangu ilikuwa inaisha, na lori lilikuwa linaondoka mchana. Lakini tusidanganyane: ningeweza kuomba pasi iongezwe ofisini hapo mjini. Sikuomba kwa sababu niliamini kwamba jibu ninalo tayari. Baba, babu, njaa, Embu, yote yalilingana. Shangazi mzee wa kuchimba matuta angeongeza nini? Nikasimama nikawatangazia kwamba mama yangu ndiye binti yao. Baba wa seremala alinikumbatia akalia. Seremala alitoka nje, nikasikia randa yake ikikwaruza ubao, ikakwaruza, ikakwaruza.

Nilirudi nikiwa juu ya mbao, nikiimba. Nilipofika langoni sikungoja hata kuingia. Nilipaza sauti, "Mama, nimewapata! Nimewapata watu wako!" Mama alitoka mbio na unga mikononi, akapiga vigelegele, na wanawake wa jirani wakamjibu. Homugadi mmoja alikimbilia bunduki akidhani tumevamiwa.

Dada yangu alingoja kelele zitulie. "Asante, msomi," akasema. "Nilikuwa na mchumba, umeniletea binamu."

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Likizo iliisha, nikarudi shuleni na simulizi yangu, na nikamweleza mwalimu wa Kanada kwa fahari nyingi. Nilitegemea anisifu. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama yake alikuwa nani?"

"Mama ya nani?"

"Huyo babu yako. Nani alimzaa?"

Sikujua. Mwalimu akakaa juu ya dawati. Aliniambia kwamba katika parokia ya kwao kulikuwa na wanaume wawili wa jina moja na umri karibu mmoja, na kwa muda mrefu yeye alimhesabu kama babu yake mtu asiyemhusu, hata akamwombea misa. Kilichomtoa humo ni wanawake. Kwao mwanamke, hata akiolewa, kanisani huandikwa kwa jina la baba yake mpaka kaburini. Wanaume wanafanana majina, alisema, lakini si rahisi wawe na mke mmoja na mama mmoja pia.

Nilikumbuka jambo ambalo mama alikuwa amelitaja mara nyingi, nami nikalichukulia kuwa ni utamu tu wa kumbukumbu za utotoni. Alisema baba yake hakuwa akimwita kwa jina. Alikuwa akimwita "mama". Alimwita hivyo hata siku ya kumwacha: "Mama, kaa hapa, nitarudi."

Mimi niliyeitwa "baba" kila siku ya maisha yangu sikuiona maana yake! Mtu humwita binti yake "mama" kwa sababu amempa jina la mama yake. Kwa hiyo jina la utotoni la mama yangu ndilo lilikuwa jina la bibi yake, mama wa babu ninayemtafuta. Tulikuwa nalo nyumbani wakati wote huo.

Nilimwomba mwalimu ruhusa pale pale, nikigugumiza kama mlevi. Aliandika barua ya pasi, na safari hii niliomba kwa ajili ya mama pia. Karani wa ofisi ya D.O., ofisa wa wilaya, alimtazama mama kwa mshangao.

"Mama, unakwenda Meru kufanya nini?"

"Kumtafuta baba yangu."

"Kwa umri huu?"

"Yeye ndiye aliyenipoteza," mama akasema. "Mimi bado niko Embu alikoniacha."

Karani alicheka akagonga muhuri.

Shangazi wa Kinoru alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi, mwenye meno machache na macho makali. Walikuwa wamemwambia kwamba msichana wao amepatikana, na alikuwa ametandika ngozi mpya na kupika njahi, maharagwe meusi, kwa ndizi. Alimshika mama mikono yote miwili kabla hatujasalimiana. Mimi sikuweza kungoja. Nilimuuliza yule shangazi mama yake mzazi aliitwa nani.

Alilitaja jina. Halikuwa lile la mama.

"Na msichana wenu?"

"Alikuwa na jina hilo hilo la mama yangu. Kaka alimpa." Akamgeukia mama. "Wewe uliitwa nani, mwanangu?"

Mama akalitaja lake kwa sauti ndogo. Yule bibi hakuiachilia mikono yake.

"Wewe si wetu," akasema.

Ndani yangu nilikuwa naruka kwa furaha: dada yangu ana mume! Kisha nikawaona wale wanawake wawili na ngozi mpya iliyotandikwa, nikatamani ardhi inimeze. Mama alikuwa amepata ndugu kwa muda mfupi tu, sasa anawapoteza. Na yule bibi alikuwa amerudishiwa mtoto wa kaka yake baada ya miaka yote ile, na aliyemrudishia na kumnyang'anya ni mimi, kijana ambaye hakuweza kungoja jioni moja watu watoke matutani.

"Kijana," bibi aliniambia, "ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Alipika chai, tukanywa. Kisha akasema, "Lakini mwenye jina hilo la mama yako namjua. Alikuwa mwanamke mrefu, fundi wa vyungu. Mwanawe na kaka yangu waliitwa jina moja, wakachunga mbuzi pamoja. Ukiita mmoja wanakuja wawili. Ukoo wao ni mwingine. Nao walipanda juu kama sisi, wako ng'ambo ya Kathita."

Tulivuka kesho yake asubuhi, bibi mwenyewe akituongoza, akikataa kushikwa mkono kwenye mawe. Mama alikuwa akitembea mbele yangu, na nilimsikia akipumua kama mtu apandaye mlima ingawa njia ilikuwa tambarare. Tulipokaribia boma alilotuonyesha bibi, mwanamume alisikika ndani akiita kwa hasira. Mbuzi walikuwa wameingia kwenye viazi, naye alikuwa akimwita msichana wa kuwafukuza. Jina aliloliita ni lile la utotoni la mama yangu.

"Naam!" mama akaitika, kwa nguvu, kabla hajajua anafanya nini.

Mwanamume alitoka, msichana naye akatokea nyuma ya ghala. "Nani ananichezea?" yule mwanamume akauliza.

"Ni mimi umeniita," mama akasema.

"Nimemwita binti yangu."

"Binti yako ana jina la nani?"

"La dada yangu. Aliyetolewa wakati wa njaa. Wewe ni nani, unaniuliza habari za nyumbani kwangu?"

Mama akamweleza. Akamtajia baba yao, bibi yao mfinyanzi, na mtoto mchanga aliyekuwa akimbeba mgongoni, aliyekuwa na tabia ya kumng'ata bega. Yule mtu alisimama na mdomo wazi. Alikuwa na mvi tayari, na ndiye aliyekuwa aking'ata bega. Aliketi chini palepale penye vumbi akafunika uso. Mbuzi wakamaliza viazi bila mtu kuwajali. Tulisahau hata kumfukuza mmoja! Baba yao alikuwa amefariki, tukaambiwa. Alirudi Embu baada ya njaa kumtafuta, lakini yule mzee alikuwa amehamia mteremko mwingine, na yeye hakumpata.

Mjomba alipotulia tukamweleza habari za uchumba, akataka kujua ukoo wa seremala. Alipoambiwa alisimama akajikung'uta vumbi.

"Wale? Hakuna damu kati yetu na wale. Lakini msichana wa dada yangu anaolewa, na mimi mjomba sijaona kondoo wangu wa desturi?"

"Dada umempata tangu asubuhi tu," bibi wa Kinoru akamwambia.

"Na kondoo nimemdai tangu mchana. Nimechelewa?"

Nilikimbia peke yangu hadi karakana ya seremala. Alikuwa akipiga randa ubao, hakuinua macho. Nilimwaga habari yote kwa pumzi moja. Aliendelea kupiga randa.

"Safari hii umemuuliza nani?" akasema.

"Wanawake."

Ndipo akaiweka randa chini.

Walioana katika kanisa la misheni, kondoo wa mjomba akiwa ametolewa kwa kelele nyingi. Bibi wa Kinoru alikuja, akakaa karibu na mama tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwahidi kwamba nitamtafuta msichana wao kama nilivyomtafuta babu. Nilimaanisha. Niliuliza Manyatta, niliuliza pande za Mbeere, kote Embu, nikimuuliza kila mwanamke mzee jina lake la utotoni. Kisha nikapata kazi, nikapata watoto, nikauliza mara chache zaidi, na yule bibi akafariki bila kusikia neno kutoka kwangu. Hilo linanikaa kifuani kuliko makosa yangu mengine, ambayo si machache.

Siku ya dada kuondoka tulifika langoni tukiwa umati, wanawake wakiimba, mama akiimba kuliko wote kwa sababu kaka yake alikuwa kando yake. Homugadi alitoa kalamu kuandika pasi ya safari.

"Bibi harusi niandike jina gani? La baba au la mume?"

Dada yangu alinitafuta kwa macho katika umati mpaka akanipata.

"La baba," akasema. "Hilo huyu hajalifanyia utafiti bado."

Watu waliangua kicheko, na mimi pamoja nao, huku homugadi akiinua kizuizi na lori alilokodi seremala likipita.